Noah ni Jina, Chesisi Ndiyo Gari

Mwambie dalali yeyote wa magari jijini Mwanza kwamba unatafuta Noah, naye atakuuliza mawili: ya zamani au mpya, na namba gani. Swali la kwanza ni finyu, kwa sababu tangu 1996 Toyota imeshatoa vizazi vitano vya Noah, na ile unayoambiwa ni "mpya" inaweza kuwa cha pili, cha tatu au cha nne. Swali la pili halihusu gari kabisa. Namba D au namba E inakuambia gari lilisajiliwa lini Tanzania, basi. Gari la 2003 lililoshushwa bandarini mwaka jana litavaa namba ya karibuni kuliko gari la 2010 lililotangulia kuingia, na watu hulilipia zaidi kwa sababu ya herufi moja.

Kitu kisichodanganya ni msimbo wa chesisi, ulioandikwa kwenye kibati cha utambulisho na kwenye kadi ya gari. Herufi za mwanzo zinataja injini, tarakimu zinataja kizazi na tairi zinazovuta. SR40 ni Noah ya kwanza ya petroli, CR40 ni mwenzake wa dizeli. Ikiwa 50 badala ya 40, inavuta tairi zote nne. AZR60 ni kizazi cha pili (65 kwa inayovuta zote nne), ZRR70 na 75 cha tatu, ZRR80 na 85 cha nne, ZWR80 ni ya nne yenye haibridi (injini ya petroli pamoja na mota ya umeme), na zenye 90 au 95 ni za tano. Ukiusoma huo kabla ya kuangalia rangi na rimu, umeshajua nusu ya magonjwa ya gari unalotaka kununua.

Ili magonjwa hayo yaeleweke, inabidi tuanzie Japani, kwenye sheria ya namba zao. Gari la abiria lenye urefu usiozidi mita 4.7, upana usiozidi mita 1.7, kimo kisichozidi mita 2 na injini ya petroli isiyozidi cc 2,000 huingia kundi la namba 5. Likivuka kipimo kimoja tu linapanda kundi la 3. Familia za Japani, zenye vichochoro vyembamba na maegesho ya kubana, zilitaka gari la kundi la 5, ndiyo maana Noah ya kawaida ya kizazi cha pili na cha tatu ina upana wa milimita 1,695. Zimebaki milimita tano kugusa ukuta wa sheria. Mhandisi aliyeambiwa aweke watu wanane humo hawezi kupanua gari. Anachoweza ni kuhamisha injini iwapishe watu, na kushusha sakafu. Mabadiliko makubwa ya Noah yametoka humo, na kila uhamisho ulipotatua tatizo moja ulizaa lingine.

Sheria hiyo ya Kijapani inatunufaisha hata huku bila kukusudia. Injini za petroli za Noah, ukiacha ya haibridi, ni cc 1,998 au 1,986, kwa hiyo kwenye ushuru wa bidhaa wa TRA zinaangukia kundi la cc 1,000 hadi 2,000, ambalo ni asilimia 5, badala ya asilimia 10 za injini kubwa zaidi. Dizeli ya CR40, cc 2,184, iko upande wa pili wa mstari. Kinachoumiza zaidi ni ushuru wa uchakavu, yaani umri wa gari: asilimia 15 kwa gari la miaka 8 hadi 10, asilimia 30 kwa lililozidi 10. Viwango hupitiwa kila bajeti ya Juni, kwa hiyo ingiza gari lenyewe kwenye kikokotoo cha TRA kabla ya kutuma hela.

SR40: injini unayoikalia

Oktoba 1996 zilitoka TownAce Noah na LiteAce Noah, mapacha waliotofautiana grili, taa na duka la kuuzia. Watangulizi wao walikuwa na uso bapa. Dereva alikaa juu ya tairi ya mbele na magoti yake ndiyo yaliyokuwa bampa. Noah iliongezwa pua fupi ili kuwe na chuma cha kujikunja kabla ajali haijamfikia mtu. Lakini injini haikuhamia puani. Ilibaki chini ya viti vya mbele, imelala kwa urefu, ikizungusha tairi za nyuma kwa propela shafti. Fungua boneti ya SR40 uone: rejeta ipo, injini haipo. Kuifikia unanyanyua kiti na kufungua kifuniko cha chini yake, jambo ambalo mafundi wamelizoea na migongo yao bado haijalizoea.

Kukaa juu ya injini kunaleta joto chini ya makalio na sakafu iliyo juu, lakini hayo ni ya kuvumilia. La kuliangalia kwa makini ni maji. Rejeta iko mbele kabisa, injini iko nyuma yake, na mabomba ya kulanti (maji ya kupozea injini) yanapita chini ya gari kwa masafa marefu. Nyingi zina hita ya nyuma pia, yenye mabomba yake ya chuma yanayofika hadi karibu na siti za mwisho. Mwanza hakuna anayewasha hita ya nyuma, kwa hiyo kulanti humo inalala, bomba linaoza taratibu, na siku moja gari linachemsha njiani huku rejeta ni nzima na pampu ni nzima. Ukiona SR40 inapungua maji bila kuvuja mbele, ingia chini ufuate mabomba hayo kwa tochi hadi mwisho. Fundi anaweza kuiondoa hita ya nyuma kwenye mzunguko kwa kuunganisha hozi mbili za mbele, na hapa kwetu hupotezi kitu.

La pili ni hewa. Ukibadilisha kulanti kwa pupa, hewa hubaki juu ya mfumo na kishale cha joto hupanda huku rejeta ikionekana imejaa. Utoaji wake ni huu. Paki gari kwenye mwinuko, pua iangalie juu. Isamilo au Bugando hukosi pa kupaki. Injini ikiwa imepoa kabisa, fungua kifuniko cha rejeta, weka hita kwenye joto la mwisho, jaza kulanti polepole mpaka isishuke tena. Washa injini kifuniko kikiwa wazi, ukishika hozi ya juu ya rejeta kwa vidole. Ikianza kupata moto, thamostati (valvu inayoruhusu kulanti kwenda kwenye rejeta) imefunguka, na usawa utashuka ghafla, ongeza. Endelea hadi mapovu yaishe na hita itoe hewa ya moto kwelikweli, kisha funga. Kesho yake asubuhi, kabla ya kuwasha, angalia tena. Kama imeshuka kidogo, jazia. Kama imeshuka sana kwa siku mbili mfululizo, una uvujaji au gasketi ya silinda hedi imeanza.

Na kifuniko chenyewe kisidharauliwe. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na kwa kimo hicho maji matupu huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, si 100. Injini ya petroli hufanya kazi karibu sana na hapo. Kinachozuia maji yasichemke ni mgandamizo unaoshikiliwa na kifuniko, ambao husogeza kiwango cha kuchemka kupita nyuzi 110. Mpira wa kifuniko ukipasuka, gari linapandisha joto kwenye kilima cha kwanza, mwenye gari anauziwa rejeta, halafu thamostati, halafu pampu. Kifuniko ndicho spea ya bei ya chini kuliko zote hizo, kianze. Na maji ya bomba au ya ziwa ni ya dharura tu, kwa sababu huacha ukoko na kutu ndani ya mabomba hayo marefu.

Injini ya SR40, 3S-FE, ni katika zile zinazosamehe. Inatumia taimingi belti, ya kubadilishwa kila kilomita 100,000, lakini belti ikikatika pistoni hazigongi valvu: unavutwa hadi gereji, inawekwa belti mpya, safari inaendelea. Ya dizeli, 3C-T, haina huruma hiyo. Belti ikikatika valvu zinapinda, na ikichemsha mara moja silinda hedi inaweza kupasuka. CR40 inayouzwa bei ya kutupa mara nyingi imeshapasuka na kuchomelewa; iwashe ikiwa baridi, fungua kifuniko cha rejeta uangalie kama mapovu yanatoka mfululizo.

Kuna jambo moja ambalo SR40 inawashinda wote waliofuata. Gari likipanda mlima na mzigo, uzito unahamia nyuma. Tairi zinazosukuma zikiwa za nyuma, zinapata kishiko zaidi kadiri unavyopakia. Hiyo ndiyo sababu Noah ya 1998 bado inapanda vichochoro vya changarawe na mawe vya Kilimahewa na Mabatini ikiwa imejaa, wakati mdogo wake wa 2005 anakwaruza kokoto hapo chini.

AZR60: injini ilipohamia mbele

Mei 1996 Honda walikuwa wametoa Stepwgn inayovutwa na tairi za mbele, yenye sakafu tambarare na injini iliyokaa yote puani. Noah ilizaliwa miezi mitano baadaye ikiwa tayari ina deni. Toyota walililipa Novemba 2001. Majina TownAce na LiteAce yaliondolewa, gari likabaki Noah peke yake, na pacha wake akaitwa Voxy, wa duka jingine. Injini ilihamia mbele na kulazwa kwa upana, propela shafti ikaondoka kwa zile za tairi mbili, sakafu ikashuka, umbali kati ya tairi za mbele na za nyuma ukafika milimita 2,825, na mlango wa kuteleza ukawekwa pande zote mbili. SR40 ilikuwa nao kushoto tu. Kwa abiria, hili ndilo badiliko kubwa kuliko yote katika historia ya gari hili.

Kwa fundi, badiliko kubwa ni injini 1AZ-FSE yenye mfumo wa D-4. Katika injini za kawaida nozeli hupuliza petroli kwenye njia ya hewa, nyuma ya valvu. Mafuta yanapita juu ya valvu na kuziosha kila mzunguko. D-4 hupuliza moja kwa moja ndani ya silinda kwa mgandamizo mkubwa. Inachoma kwa kipimo kizuri zaidi, lakini valvu za kuingiza hewa hazioshwi tena na kitu. Mvuke wa oili na moshi unaorudishwa na valvu ya EGR vinajenga masizi meusi magumu kwenye shina la valvu na kwenye throtobodi. Dalili: sailensa (mzunguko wa injini gari likiwa limesimama) inapanda na kushuka, gari linazima ukisimama kwenye taa huku kiyoyozi kinafanya kazi, linamisi asubuhi, taa ya cheki injini inakuja na kuondoka.

Hapa ndipo hela nyingi hupotea. Dawa ya kusafisha inayomiminwa kwenye tangi haiwezi kusafisha valvu hizo, kwa sababu petroli ya D-4 haifiki zilipo. Inaweza kusaidia nozeli, basi. Kazi yenyewe ni ya mikono: fungua throtobodi uisafishe kwa dawa ya kupuliza na brashi laini, toa valvu ya EGR uikwangue, na kama tatizo limebaki, ng'oa manifoldi ya hewa usafishe valvu moja moja zikiwa zimefungwa, ili makombo yasidondoke ndani ya silinda. Baada ya kusafisha throtobodi sailensa inaweza kukaa juu kwa muda, kwa sababu kompyuta ilishazoea uchafu. Ifundishwe upya kwa mashine ya kusoma kompyuta ya gari.

Pampu ya mgandamizo ya D-4 inazungushwa na kamshafti, na ikichoka petroli hupenya kuingia kwenye oili. Chomoa kijiti cha oili unuse. Kikinuka petroli na usawa umepanda badala ya kushuka, usiendeshe. Oili iliyochanganyika hailindi beringi. Pampu hii pia haipatani na petroli ya kwenye chupa za pembeni mwa barabara, ambayo hakuna anayejua imechanganywa na nini.

Ugonjwa wa tatu wa familia ya AZ ndio mbaya zaidi. Nyuzi za bolti za silinda hedi, za upande wa nyuma, hung'oka ndani ya bloku ya aluminiamu, hasa injini ikishachemsha. Gasketi inaachia, maji yanachuruzika nyuma ya injini, upande wa ukuta wa dashibodi, mahali ambapo macho hayafiki. Tumia kioo kidogo na tochi, tafuta alama za kulanti iliyokauka kwenye mstari kati ya hedi na bloku. Kubadilisha gasketi peke yake ni kununua miezi miwili. Matundu ya bolti yatobolewe na kuwekewa uzi mpya wa chuma, yote, pamoja na yale ambayo bado yanakaza.

Giaboksi nayo iligawanyika katikati ya kizazi. Za mwanzo zina otomatiki ya gia nne. Kuanzia maboresho ya Agosti 2004 zina CVT, ambayo badala ya gia ina mkanda wa chuma unaobana kati ya puli mbili. Oili zake haziingiliani. ATF (oili ya giaboksi ya otomatiki yenye gia) ndani ya CVT inaufanya mkanda uteleze, unakwangua puli, na giaboksi inakufa ndani ya wiki kadhaa. Soma aina iliyoandikwa kwenye giaboksi au kwenye kitabu cha gari. Usikubali oili inayosemwa ni "ya otomatiki zote".

AZR65 inayovuta tairi zote nne ni dawa ya vilima, kwa sharti moja: tairi nne zilingane saizi na uchakavu. Ukiweka mbili mpya na mbili zilizoisha, mbele na nyuma vinazunguka kwa kasi tofauti, na kiunganishi cha katikati kinafanya kazi muda wote mpaka kiungue.

ZRR70: kizazi kilichotulia

Juni 2007 Toyota walibakiza vipimo vile vile vikubwa, wakabadilisha kilichokuwa kinasumbua. D-4 iliondoka. Injini 3ZR hupuliza petroli kwa njia ya zamani, juu ya valvu, na inatumia taimingi cheni. Siti za nyuma kabisa zilipewa springi: unavuta kamba, siti inajikunja na kupanda yenyewe ubavuni, na nafasi ya magunia inapatikana bila kuita kijana wa kusaidia.

Ndani ya kizazi hiki kuna injini mbili na tofauti yake ina bei. 3ZR-FE ni ya kawaida. 3ZR-FAE ina Valvematic, mfumo wa mota ya umeme unaobadilisha kimo cha kufunguka kwa valvu ili kuokoa mafuta. Kuanzia maboresho ya Aprili 2010 zote zilipewa hiyo. Nguvu zilipanda kutoka 143 hadi 158 kwa kipimo cha Kijapani. Lakini kidhibiti cha Valvematic, kilichofungwa kwenye silinda hedi, kikifa gari linakosa pumzi, halipandi mzunguko, na fundi asiye na mashine atalaumu throtobodi au plagi. Mashine ikisoma msimbo wa hitilafu P1047 na wenzake, usinunue koili. Tatizo ni kidhibiti. Oili nyepesi na safi huurefushia mfumo huu maisha. Injini inachukua lita 4 na kidogo ikibadilishwa na filta, kwa hiyo galoni la lita 5 linakubakizia ya kujazia. Ukiona fundi amemimina galoni zima, rudi umwambie apunguze.

Pampu ya maji nayo huanza kuvuja ikizeeka. Alama yake ni chumvichumvi ya waridi chini ya puli. Kwa mtu wa Mwanza anayetaka gari moja la familia, la kwenda kazini Nyakato Jumatatu na Musoma Jumamosi, ZRR70 ya kabla ya 2010 yenye 3ZR-FE ndiyo ningeiweka juu ya orodha, hata kama ZRR80 inapendeza zaidi machoni.

Sakafu inashuka: ZRR80 na wenzake

Januari 2014 kilikuja kizazi cha nne, na kazi yake kubwa ilikuwa chini ya miguu. Sakafu ilishushwa milimita 85, kizingiti cha mlango kikawa kama milimita 360 kutoka ardhini. Bibi aliyevaa vitenge viwili anaingia bila kushikwa mkono. Lakini barabara ya kuingia mtaani kwako haikushuka pamoja na sakafu. Egzosti, mabomba na kinga za plastiki za chini vimesogelea mawe, na kwenye njia zenye miamba ya kuchomoza, ambazo Mwanza inazo nyingi, kinga hizo ndizo za kwanza kuondoka. Usiiache gari bila kinga ya injini kwa sababu "ni plastiki tu". Ndiyo inayozuia jiwe lisifike kwenye sampu ya oili.

ZWR80 ina haibridi ya Prius: injini 2ZR-FXE ya cc 1,797 pamoja na mota, na kwa kipimo cha Kijapani cha JC08 iliandikiwa kilomita 23.8 kwa lita. Kipimo hicho ni cha maabara; kwa foleni, kilima na kiyoyozi utapata pungufu, ingawa bado utawaacha wenzako mbali. Betri yake inapozwa na feni inayovuta hewa ya ndani ya gari. Ukisafiri kwenye vumbi vioo vikiwa wazi, vumbi hilo linaishia kwenye feni, betri inapata joto na seli zinaanza kufa moja moja. Feni isafishwe kila mwaka na tundu la hewa lisizibwe kwa mikoba wala magunia. Angalia pia njia ya EGR: kwenye injini hii huziba kwa masizi, na kuziba huko mara nyingi hutangulia kufa kwa gasketi ya silinda hedi.

Cha tano, cha Januari 2022, kimeuvuka ukuta wenyewe: upana ni milimita 1,730, kwa hiyo zote ziko kundi la 3. Kwa bei zake za sasa, huku ni la kupigia picha.

Vinavyowapata wote

Wajapani wakikokotoa uzito wa juu wa gari humhesabu kila abiria kilo 55. Watu wanane ni kilo 440, na hiyo ndiyo mizigo yote ambayo gari limekokotolewa nayo. Watu wazima wanane wa kilo 70 ni 560. Umeshazidisha 120 kabla ya begi la kwanza, na bado hujafika Magu kununua mchele. Shokapu za nyuma na bushi zinazokufa kila baada ya miezi michache hazina ugonjwa wowote, zimechoka tu. Tairi za 195/65R15 zenye alama ya uzito 91 hubeba kilo 615 kila moja zikiwa na upepo kamili. Zikiwa na upepo pungufu hazibebi hizo, ubavu unapata moto na kupasuka kwenye lami ya mchana. Upepo unaotakiwa umeandikwa kwenye stika ya nguzo ya mlango wa dereva. Soma huo, usikubali wa kukisia kwa teke.

Mlango wa kuteleza unaumwa zaidi na mapenzi ya kupaka grisi. Reli ya chini ikipakwa grisi juu ya mchanga inatengeneza msasa, na roli zinaisha haraka. Fagia reli kwanza, futa kwa kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo, kausha, kisha pulizia dawa ya silikoni. Kama mlango ni wa umeme na waya wake umeshakatika, zima swichi ya mlango wa umeme kwenye dashibodi uutumie kwa mkono. Kuulazimisha huku mota inavuta kunamaliza na mota.

Noah iliyowahi kubeba samaki haifichiki kwa manukato. Nyanyua zulia karibu na siti za nyuma na kwenye vizingiti vya milango, ambako maji ya barafu huenda kujificha. Kutu ya kwenye maungio ya sakafu na soketi za waya zilizoota ukijani zinakueleza kwa nini taa ya mlango haizimi na kwa nini bei ni nzuri. Na redio isikusumbue: za Japani hushika kuanzia 76 hadi 90, nyingine za karibuni hadi 95, ndiyo maana stesheni nyingi za hapa hazisikiki. Kifaa kidogo cha kushusha masafa ya stesheni hizo kinachochomekwa kwenye waya wa antena kinatosha.

Ukienda kuikagua, mwambie muuzaji mapema kwamba usikute imewashwa. Shika boneti, au kiti kama ni SR40. Ikiwa ya moto, ahirisha hadi kesho. Fungua kifuniko cha rejeta uone rangi ya kulanti, nusa kijiti cha oili, kisha washa usikilize sekunde kumi za kwanza, maana cheni iliyolegea huchakacha hapo. Ikishapata joto, nenda nayo kwenye mwinuko wa vumbi, si wa lami, ukiwa umepakia watu wanne. Simama katikati, ondoka taratibu. CVT inayokufa itatetemeka au itavuma kama inalia, tairi za mbele zitakuonyesha kama njia yako ya nyumbani inazifaa, na kishale cha joto kisisogee hata mstari mmoja. Ukirudi chini, ingia uvunguni na tochi kabla ya kutaja bei.